Matuta Mawili Yasiyopigwa Dawa

Kwa miaka tisa, mtu aliyebeba pampu ya dawa mgongoni katika shamba la Chepkemboi kule Keringet alikuwa Wamalwa. Alikuja kutafuta kibarua cha wiki mbili cha kuvuna viazi, na viazi vilipokwisha, akabaki. Chepkemboi alipofiwa na mumewe na kuamua kung'oa pareto kwenye nusu eka ya mteremko ili apande stroberi, Wamalwa ndiye aliyeinua matuta, akatandika nailoni nyeusi na kupitisha mipira ya maji. Yeye alimwita Chepkemboi Mama, ingawa walipishana miaka michache tu. Chepkemboi naye alimwachia funguo za stoo, na hakukumbuka siku aliyozidai.

Stroberi zile zilimtoa Chepkemboi kimasomaso. Hoteli za Nakuru zilizichukua, na wakulima wenzake wakaanza kuja kununua miche. Mmoja wao alikuwa Mzee Kosgei wa Sachangwan, aliyebeba gari zima la miche na kuahidi kurudi kwa mingine.

Kisha ukaja mwaka wa mvua zisizokatika. Ukungu ulitua juu ya Keringet asubuhi na haukuondoka hadi saa sita, majani yakashinda yamelowa, na ndani ya unyevu huo ukaingia ugonjwa. Ulianza kama doa la kahawia kwenye tunda, ukilibonyeza linalegea. Baada ya siku mbili tunda lote lilikuwa limevaa manyoya ya kijivu, na ukilitikisa linatoa vumbi kama jivu la jikoni.

"Piga dawa," alisema Chepkemboi.

Wamalwa akapiga. Akapiga kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki. Kuvu haikuonyesha dalili ya kushtuka. Chepkemboi akarudi kwenye duka la dawa za kilimo akaleta chupa ya jina jingine, na hiyo iliposhindwa akaleta ya tatu.

Wamalwa aliigeuza ile chupa ya tatu, akasoma maandishi madogo ya nyuma akiwa ameifikisha karibu na pua.

"Mama, hizi chupa zote ni ndugu wa tumbo moja," alisema. "Majina ya mbele ndiyo tofauti. Ukisoma hapa chini, dawa yenyewe ni ile ile. Huu ugonjwa ushaizoea. Ni kama tunaunywesha chai."

"Wewe umekuwa daktari wa stroberi lini?"

"Si udaktari, Mama. Naona tu. Tungetoa majani yaliyokufa na matunda yaliyooza, tuyafukie mbali na shamba. Halafu tupunguze miche, hewa ipite. Imesongamana sana hii."

Chepkemboi alimtazama mtu aliyeshinda na pampu mgongoni, mabega yameanguka, na wazo lililomjia ni kwamba Wamalwa amechoka kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Hoteli moja ilikuwa imerudisha vikasha vyake asubuhi hiyo, na karani akamwambia bila haya kwamba wageni hawali manyoya.

"Punguza miche nibaki na nini?" akasema. "Piga dawa kama nilivyokuambia."

Wiki iliyofuata aliingia stoo kutafuta kamba. Nyuma ya magunia ya mbolea, mkono wake ukagusa chupa, akaitoa. Ilikuwa ya dawa ya kuvu, na ilikuwa na karibu nusu, ilhali kwa hesabu yake ilipaswa kuwa imekwisha siku nyingi. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kanisani kwamba siku hizi wafanyakazi wanawauzia watu dawa za matajiri wao, na akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo. Siku ile Chepkemboi hakumjibu jirani huyo. Sasa maneno yale yakamrudia yakiwa yamevaa sura ya ukweli.

Alitoka na ile chupa mkononi hadi shambani, mbele ya wanawake waliokuwa wakivuna.

"Hii ulikuwa unamwekea nani?"

Wamalwa alivua kofia. "Mama, si kuweka. Kuna matuta mawili kule chini karibu na mkondo wa maji, sikuyapiga mwezi huu. Niliyasafisha kwa mkono, nikapunguza miche. Nilitaka uone tofauti, ndiyo uniamini. Dawa yake ndiyo hiyo ilibaki. Twende nikuonyeshe."

"Nionyeshwe nini? Shamba langu linaoza, na wewe unaficha dawa nyuma ya magunia."

"Ni dakika mbili tu, Mama. Ni hapo chini."

Wanawake waliinamia vikapu vyao. Chepkemboi alitazama kule mkondoni, mita mia moja hivi, na hakwenda. Baadaye, kila alipoirudia siku ile moyoni, alifika hapo kwenye zile mita mia moja akasimama. Alimwambia Wamalwa akusanye vitu vyake. Wamalwa aliosha pampu mara tatu kama ilivyokuwa desturi yake, akaitundika, akaweka funguo juu ya dirisha na kuondoka.

Baada ya mwezi hivi, Mzee Kosgei alipiga simu. Alikuwa anatafuta msimamizi wa shamba, na mtu aitwaye Wamalwa alikuwa amekuja kumwona. "Anasema ametoka kwako. Ni mtu wa namna gani?" aliuliza. Chepkemboi alikuwa jikoni anachuja maziwa.

"Kazi anajua," alisema, "lakini ana mkono mrefu, Mzee. Chunga stoo yako."

Akakata simu akaendelea kuchuja.

Mtu mpya aliyeajiriwa alipiga dawa bila swali. Alipiga hata siku za mvua. Kufikia mwisho wa msimu, vikapu vya kutupa vilizidi vikapu vya kuuza, na Chepkemboi, aliyekuwa amekwisha kata tamaa, akakubali mtafiti wa magonjwa ya mimea aje kutoka Njoro. Alikuwa dada mmoja mpole, Chepchumba, aliyevaa gambuti na kutembea polepole akiokota matunda yaliyooza na kuyatia ndani ya mifuko midogo. Alizunguka shamba lote. Alipofika kule mkondoni, akachuchumaa.

"Mama, hapa ni nani alipunguza miche?"

"Ni mfanyakazi wangu."

"Alifanya vizuri. Angalia: majani hayana unyevu, hewa inapita. Ugonjwa upo, lakini si nusu ya ule wa kule juu. Yuko wapi nimuulize kitu?"

"Alienda," alisema Chepkemboi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatazama yale matuta mawili kwa macho ya kutazama. Matunda mekundu yalikuwa yamelala juu ya nailoni, mazima, mengine yakiwa yameliwa na ndege.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, na Chepchumba alikuja nayo mwenyewe. Maabarani walikuwa wameiotesha ile kuvu kwenye visahani vyenye dawa, na ikastawi kana kwamba hakuna kilichowekwa. Akaomba aonyeshwe chupa, akazipanga mezani, akaonyesha kwa kidole yale maandishi madogo ya nyuma.

"Zote ni kundi moja," alisema. "Ukipiga kundi moja kila wiki, kuvu dhaifu inakufa, sugu inabaki, nayo ndiyo inazaa. Mwishowe unabaki na sugu peke yake. Hata mtu akipiga vizuri namna gani, haisaidii. Msilaumu mkono uliopiga."

Chepkemboi alisikia neno hilo la mwisho kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Alimtafuta Wamalwa kwa siku kadhaa. Hatimaye mmoja wa wale wavunaji akamwelekeza Free Area, Nakuru, nyuma ya karakana ya magari. Alimkuta akimwaga maji machafu nje ya kibanda ambamo mkewe, Nerima, alikuwa akikaanga chapati. Wamalwa alikuwa amekonda. Walimkaribisha, wakampa benchi na chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Chepkemboi aliyasema yote bila kuzunguka: visahani, kundi moja, matuta mawili. "Ulikuwa unasema kweli," alimaliza. "Nilikukosea, Baba Joan. Naomba unisamehe. Na kama utakubali, kazi yako ipo."

Wamalwa aliitazama chai yake. Nerima ndiye aliyejibu, akiwa bado anageuza chapati.

"Mama, hebu nikuambie kitu hujui. Mzee Kosgei alikuwa amempa huyu kazi, na nyumba ya kukaa. Tukapakia kila kitu kwa pikapu. Mimi nikakaa juu ya godoro, Joan wetu ameshika sufuria. Tulipofika kwa geti pale Sachangwan, askari akasema tusishushe kitu. Ati tajiri amempigia simu yule tuliyemfanyia kazi, na kazi haipo tena. Watu wote wa hapo wakatoka kutuangalia tukigeuza gari."

Mafuta yalitatarika kwenye kikaango.

"Miaka tisa ulinijua," alisema Wamalwa hatimaye. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi sikukasirika kufukuzwa. Shamba ni lako. Lakini ile simu, Mama. Ile ilikuwa ya nini?"

"Sijui," alisema Chepkemboi, na ndilo lilikuwa jibu la kweli. Alikuwa na hasara, alitaka iwe na mtu wa kulaumiwa.

"Kusamehe nimesamehe. Kurudi sitarudi. Kama unataka kunisaidia, nenda useme kwa Kosgei ulivyosema hapa. Usipige simu. Nenda mwenyewe."

Siku iliyofuata Chepkemboi alikwenda Sachangwan. Alimkuta Mzee Kosgei amesimama shambani pamoja na wafanyakazi wake, akashukuru kwamba walikuwepo. Akasema mbele yao kwamba Wamalwa hakuwahi kumwibia hata msumari, kwamba alimsingizia, na kwamba alichokiita wizi kilikuwa ujuzi. Kosgei alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwashiria amfuate.

Alimpeleka kwenye stroberi zake. Chepkemboi alijua hata kabla hawajafika, maana harufu ile alikuwa akiishi nayo. Matunda yalikuwa ya kijivu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ilikuwa miche yake, ile ya gari la pili, ambayo Kosgei alirudi kuichukua katikati ya zile mvua; ugonjwa sugu ulikuwa umesafiri nayo, umejificha kwenye majani ya chini.

"Nimebadilisha dawa mara nne," alisema Kosgei.

"Hazitashika, Mzee. Ni zile zile zangu."

Kosgei aliinama, akachuma tunda moja, likampasukia vidoleni. "Kumbe," alisema taratibu. "Uliniuzia ugonjwa, halafu ukanikataza mtu wa kuutibu."

Chepkemboi alirudi nyumbani na maneno hayo, na hakumpata mtu wa kumsaidia kuyabeba. Msimu huo akafanya alichoambiwa na Chepchumba, ambacho kilikuwa kile kile alichoambiwa na Wamalwa mwaka mmoja kabla. Aling'oa karibu nusu ya miche. Akapiga magoti kwenye matope na wale wavunaji, wakatoa majani makavu na matunda mabovu, wakayafukia mbali kwenye shimo refu. Dawa akaiacha hadi maua yachanue, na alipoipiga, hakurudia kundi moja mara mbili mfululizo. Shamba lilipumua. Mavuno yalirudi kidogo, si kama zamani, na hoteli moja tu ndiyo iliyokubali kumpokea tena.

Kosgei alimwita Wamalwa. Nafasi ya msimamizi ilikuwa na mtu, lakini akampa kazi ya stroberi peke yake, siku tatu kwa wiki, bila nyumba. Nerima akakataa kuhama Free Area. Wamalwa akawa anakwenda na kurudi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, wakulima wa stroberi wa Molo na Kuresoi walialikwa shambani kwa Kosgei wafundishwe kuhusu ule ugonjwa. Chepkemboi alikwenda, akasimama nyuma. Mwalimu alikuwa Wamalwa. Alizungumza kama mtu asiyezoea kuzungumza, akishika jani, akilipindua, akionyesha mahali kuvu inapolala kabla haijaamka. Watu waliuliza maswali, naye akawajibu mmoja mmoja bila haraka.

Chepkemboi naye aliinua mkono. Alitaka kujua ni lini hasa, asubuhi au mchana, inafaa kutoa matunda yaliyooza.

"Mchana, majani yakishakauka," alisema Wamalwa. "Ukiyashika na umande utalimwaga lile vumbi shamba zima. Swali zuri, madam." Hakumwita Mama kama zamani; akamgeukia mtu aliyefuata.