Jicho la Chini

…na kifuniko kipo, kidole chake kimekigusa, cheusi, kimeibana lenzi ya chini, na yeye muda wote ameinamia kioo cha juu akimwona mama yake amekaa dirishani, angavu, kila unywele wa mvi mahali pake, kumbe kamera hii ina macho mawili, la juu la kutazamia, la chini ndilo linalopiga, baba mkwe alimwambia juzi, akarudia jana, "Mkwe, la juu litakuonyesha kila kitu, la chini usipolifungua utapata giza," naye akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kama kasuku, sasa anakichomoa polepole, anakificha kiganjani, kidirisha chekundu cha mgongoni kinasoma kumi na mbili, na mkanda ni wa picha kumi na mbili, kumi na moja zimekwenda na maji, imebaki moja, mkanda mwingine hakuna, na kesho asubuhi mama anapasuliwa taya, daktari hakuficha, uso hautarudi ulivyokuwa… "Bado tu, mwanangu?" bado mama, bado kidogo, simu imempiga picha mia lakini yeye anataka ya mkanda, ikae ukutani ubavuni mwa ile ya marehemu baba, na shavu hilo, shavu hilo ndilo lililokuwa likijaa upepo kumpuliza goti alipoanguka, fuu, fuu, limepona hilo, nyanyuka, na kweli lilikuwa linapona… "Umefika ya ngapi, mkwe?" baba mkwe huyo, chumba cha pili, anambembeleza mtoto kwa mikono yake inayotetemeka, mikono iliyomwachia kamera, "Ya mwisho, baba!" si uongo, lakini amwambie? aseme mwanafunzi wako kapiga giza kumi na moja?… na mama anainama mbele, anashusha sauti, "Hicho ulichokichomoa kilikuwepo tangu mwanzo."

"Ulikiona?"

"Nilikiona. Nikasema labda ndivyo inavyotakiwa, mambo yenu ya kitaalamu. Tena mimi nani nikukosoe, mkweo anasikia?"

…alikiona, Mungu wangu, alikiona na akacheka hivyo hivyo, mara kumi na moja, na kila kicheko kinamchoma taya mpaka sikioni, alikichekea kifuniko ili bintiye asiaibike ukweni, na yeye huku juu anamhimiza, cheka mama, kidogo tena mama, kama anamdai… mama ameshaweka kola sawa, midomo imeanza kutetemeka, "Haya, nicheke tena?" na ndiyo iko ulimini, ndiyo mama, moja tu, ya mwisho, anaimeza, "Usicheke. Liachie shavu lipumzike."

"Nitatoka nimenuna kama karani wa posta!"

"Nuna, mama."

…na kwenye kioo lile tabasamu linashuka taratibu, kama ndoo inavyotuliwa kutoka kichwani, mabega yanafuata, unabaki uvimbe, unabaki uchovu, yanabaki macho yale yaliyokuwa yakikesha naye homa ikimshika, na huyu, mama mwenyewe, ndiye aliyekuwa akimfukuza kwa cheka mama, cheka mama, picha zote kumi na moja, kidole kiko kwenye kitufe, bado hajabonyeza, ameshika pumzi, wala haogopi tena, anamtazama kwanza.