Swali la Daktari Mezani kwa Wakutubi

Baada ya chakula cha mchana mkutano wa madaktari husinzia. Zulia la ukumbi linameza vishindo vya viatu, kiyoyozi kinanong'ona, na nyuma ya ukuta mwembamba sauti ya mtoa mada inakuja kama redio ya jirani. Mimi nilikuwa kwenye meza yetu ya wakutubi wa tiba, macho wazi, roho iko kwa mama. Mama alikuwa amelazwa mji mwingine kwa saratani ya ini, na kaka aliyekuwa akishinda naye alinipigia asubuhi: "Dada, dawa ya pili nayo imegoma. Daktari kasafiri, ametuambia tumsubiri."

Basi nikasubiri, huku nikigawa peremende. Madaktari wengi huja mezani kwetu kwa ajili ya peremende na kalamu za bure. Elimu wanaiomba kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Lakini wapo wanaokuja na swali, na hao nawapenda hata wakiwa na maringo. Naketi nao, nachambua tafiti za dunia nzima, wanarudi ukumbini na kitu mkononi.

Aliyekuja saa hiyo alikuwa mrefu, tai imelegea, usingizi umemjaa machoni.

"Samahani, dada. Nina mgonjwa wa saratani ya ini. Dawa mbili zimeshindwa. Nitafutie ya tatu."

Sisi hatuanzi kutafuta kabla ya kumuuliza mtu jibu atalifanyia nini. Ndivyo nilivyofundishwa kazi.

"Ukiipata, utafanyaje?"

Akavuta kiti. "Nitamwambia avumilie wodini. Nisipoipata, nimruhusu aende nyumbani. Maana yule bibi hanipi raha! Kila nikipita, 'We mwanangu, nyanya zangu nani anazimwagilia?'"

Kiyoyozi kikanyamaza, au masikio yangu ndiyo yaliyonyamaza. Nyanya zile nilizipanda naye mimi, nyuma ya jiko. Daktari huyu sikuwahi kumwona, wala yeye hakunijua.  Ningemwambia mimi ni bintiye, angeniambia yale maneno laini wanayoambiwa ndugu wa mgonjwa, na mimi maneno laini siyataki.

Vidole vikaanza kuandika vyenyewe. Kurasa zilipita kwenye kioo cha kompyuta taratibu, nami nikawa kama ninaelea humo ndani. Nilimwona mama akitembea katikati ya majedwali na ndoo yake, anainama kwenye kila namba kana kwamba anatafuta wadudu kwenye majani. Mama, toka humo, nikamwambia kimoyomoyo. Hakutoka.

Kisha ikatokea. Dawa ya tatu, kichwa cha habari kitamu, uvimbe unapungua! Moyo ukaniruka. Nilitaka kumpa palepale, aondoke nayo, amwambie mama avumilie. Lakini kazi yangu ni kusoma mpaka chini, na huko chini ndiko walikouficha ukweli: uvimbe ulipungua, siku za kuishi hazikuongezeka, na wengi walizimalizia kitandani wakitapika. Niliuchukia utafiti ule na wote walioufanya. Nikatafuta kwa maneno mengine, na mengine tena, mpaka daktari akakohoa.

"Vipi, dada? Kuna kitu?"

Nikamgeuzia kioo. "Ipo hii. Isome mpaka mwisho. Zaidi ya hii hakuna, nimetafuta kuliko ninavyowatafutia watu wote."

Alisoma polepole, akavua miwani, akafikicha macho. Nyuma ya ukuta watu wakampigia mtoa mada makofi.

"Basi aende nyumbani," akasema. "Asante. Jioni nitampigia mwanawe wa kiume. Sijui hata nitaanzaje."

"Mpigie," nikasema. "Wa kike ameshasikia."