Kiti cha Kushoto

Mumewe aliliita gari lile Bi Mdogo tangu siku alipoliingiza uani, na Mwalimu akajibu siku hiyo hiyo kwamba yeye hatakaa mapajani mwa mke mwenza. Kwa upande wa mume ulikuwa mzaha. Kwa upande wa mke haukuwa mzaha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika neno lake, hakulipanda kamwe. Mume alitoka nalo Jumamosi na Jumapili, akarudi, akaliosha, akalifunika turubai. Mwalimu alikwenda alikotaka kwa basi au kwa miguu. Majirani walishangaa kidogo, kisha wakazoea.

Mume alipofariki, wosia wake ulikuwa mfupi. Vifaa vya karakana alimwachia mdogo wake. Gari alimwachia mkewe.

"Kakuachia mwenzio," shemeji yake alisema, akicheka kwa uangalifu.

"Kaniachia kazi."

Alikuwa amefundisha fizikia mpaka akastaafu, na hakupenda kukaa na kitu asichojua ni nini. Gari halikuwa na nembo. Bampa ya nyuma ilitoka kwenye pikapu, na wavu wa mbele mtu alikuwa ameutengeneza kwa mkono. Kadi ya usajili ilisema tu kwamba ni gari dogo, saluni, la kijani. Mtu mmoja anayekodisha magari ya harusi alikuwa tayari kulinunua, lakini kwanza alitaka kuambiwa ni gari gani hasa. Mnunuzi wa vyuma chakavu hakutaka kuambiwa chochote.

Shemeji akaleta fundi wa gereji, aliyejulikana mtaani kwa jina la Spana. Spana aliangalia taa za mbele, akasema, "Huyu Mwingereza." Akaenda nyuma. "Hapana, Mjerumani." Akalala chini, akakaa huko kitambo, akatoka na vumbi kwenye nyusi. "Mama, nisikudanganye. Huyu Mtaliano."

"Ana ukoo mrefu kuliko wa kwetu," shemeji alisema.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amefungua mlango wa abiria, na alikuwa akikitazama kiti.

Kiti cha dereva, upande wa kulia, kilikuwa kimechoka kidogo, kama inavyotarajiwa kwa gari linalotoka siku mbili kwa wiki. Kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea. Ngozi yake ilikuwa na nyufa, na mshono wa ukingoni, pale mtu anapojisukuma kuingia na kutoka, ulikuwa umefumuka. Kitu hakichakai bila msuguano. Mtu alikuwa amekaa pale mara nyingi, kwa miaka mingi, na mtu huyo hakuwa yeye.

"Nani alikuwa anakaa hapa?"

Spana akavutiwa ghafla na tairi. Shemeji akakohoa.

"Shemeji, nimekuuliza."

"Mimi nitajuaje? Kaka alikuwa mtu wa watu. Akikuona njiani anasimama."

"Alimpakia nani?"

"Basi... yule mama wa duka la dawa. Mara moja moja. Mvua ikinyesha."

Mwalimu alimjua mama wa duka la dawa. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka michache, anavaa vizuri, na msibani alikuwa amelia kwa sauti. Wakati ule Mwalimu alidhani ni huruma. Sasa alikumbuka kilio chenyewe, kilivyoanza na kilivyochelewa kwisha.

"Mwite mtu wa vyuma chakavu," alisema. "Aje Jumatatu alikate."

"Shemeji! Na yule wa harusi?"

"Bibi harusi akae juu ya hicho kiti?"

Hata hivyo hakupenda kutoa hukumu bila jaribio. Jumapili alimtumia mama wa duka la dawa ujumbe kwamba anataka ushauri wake kuhusu gari, na yule mama akaja mara moja, amejitanda mtandio mzuri, jambo ambalo Mwalimu aliliona na kuliweka akilini.

"Maskini, limeoshwa!" mgeni alisema. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akakiinua kitasa kidogo kabla ya kukivuta, na mlango ukafunguka.

"Umejuaje kukifungua?"

"Marehemu alinifundisha. Alisema hakitaki nguvu, kinataka heshima." Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Kaa mbele," Mwalimu alisema. "Kushoto."

Mgeni akazunguka, akaingia. Alikuwa mwembamba. Alizama kwenye lile bonde, na pande zote mbili ikabaki nafasi.

"Mbona kama nimekaa kwenye karai?"

"Hujawahi kukaa hapo?"

"Hapa? Hata siku moja. Alikuwa ananiweka nyuma. Nikamwambia, baba, unanifanya nionekane bosi wako, watu watasema. Akasema acha waseme, mbele pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Yule mama akamtazama. "Mwalimu, swali hilo unaniuliza mimi?"

Mgeni akatoka, akakung'uta gauni, akapapasa paa la gari kwa kiganja. "Ukiamua kuliuza, niambie mimi kwanza. Nalipenda sana hili gari."

Hakukaribishwa chai.

Baada ya mgeni kuondoka, Mwalimu alizipanga hoja. Mwanamke huyu hakukikalia kiti. Umbo lake halikulingana na lile bonde, na mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mlango wa nyuma. Hilo alilikubali. Lakini mume alikuwa amesema mbele pana mwenyewe. Mwenyewe huyo alikaa mpaka kiti kikabonyea. Yeye Mwalimu hakuwahi kukaa. Kwa hiyo yupo mwingine, asiyetajwa, aliyepewa kiti ambacho hata mama wa duka la dawa alinyimwa. Hoja ilikuwa fupi, na hakuona kosa ndani yake. Usiku huo hakula.

Jumatatu mtu wa vyuma chakavu alikuja na lori, mtungi wa gesi na vijana wa kukata. Spana alikuwepo kuondoa betri. Shemeji alikuwepo kusikitika.

"Subirini," Mwalimu alisema. "Sijajua bado ni gari gani."

"Mama, tukishalikata litakuwa chuma tu," yule mtu alisema.

"Likiwa bado zima nataka jina lake."

Alikuwa na kitambaa na kopo la thina. Aliinua boneti, akaanza kusugua kibati kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ambacho kila aliyelipaka gari rangi alikuwa amekipitishia brashi. Rangi ya kijani ikatoka, kisha ya bluu, kisha nyeupe. Herufi zikajitokeza. Halikuwa lolote kati ya yale matatu ya Spana. Lilikuwa jina la kiwanda kidogo ambalo Mwalimu hakuwahi kulisikia.

"Nilikuwa nakaribia," Spana alisema.

Mwalimu hakumsikia. Upande wa kushoto wa kibati, kwenye ukuta ule ule, palikuwa na kiraka cha bati cha mviringo, kimechomelewa vizuri. Chini yake palikuwa na viraka vingine vidogo. Upande wa kulia, mhimili wa usukani ulipita kwenye tundu ambalo halikutoka kiwandani. Kingo zake zilikuwa na alama za tupa. Akaenda ndani, akapiga magoti, akainua mkeka wa mpira mbele ya kiti cha kushoto. Karibu na katikati ya gari mpira ulikuwa umetoboka, mahali pamoja tu, pakubwa kama kisigino. Abiria hakanyagi mafuta.

"Shemeji, hili gari lilikuja na usukani upande gani?"

"Kushoto. Liliuzwa mnadani, limetoka nje, limechoka. Kaka alihamisha usukani kwenye karakana ya kiwanda alichokuwa akifanya kazi, kabla ya kulileta hapa. Hukujua?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza habari za mwanamke. Habari za usukani hukuniuliza."

"Na viti?"

"Viti hakuvigusa. Alisema pesa imeishia kwenye usukani."

Akasimama, akifuta mikono. Kiti kilikuwa kimechakazwa na dereva asiyejulikana, katika nchi nyingine, kabla gari halijafika uani. Tangu lifike hakuna aliyekikalia. Mwenyewe alikuwa yeye, na alikataa. Lilikuwa jambo la kufurahisha, na alisubiri furaha ije. Badala yake alimwona mama wa duka la dawa kwenye kiti cha nyuma, mtandio begani, akipelekwa nyumbani mkavu huku yeye amesimama kituoni na mwavuli. Wivu wake ulikuwa umehamia kiti cha nyuma tu, na huko ulikuwa na ushahidi.

"Mama, tunakata au hatukati?"

"Hamkati."

"Na dizeli yangu niliyochoma kuja huku?"

Mwalimu akamgeukia Spana. "Kiti cha nyuma kinafunguka?"

"Boliti tu, Mama. Dakika chache."

"Kifungue. Mpe huyu bwana, asirudi mikono mitupu."

"Shemeji," mdogo wa marehemu alisema taratibu, "kiti cha nyuma ni kizima kabisa. Kibovu ni cha mbele."

"Najua kipi kizima. Betri irudi. Na yule wa harusi mwambie nimelitambua gari, na siliuzi."

"Na mama wa dawa? Jana kanipigia, anasema atatoa bei yoyote."

"Huyo mwambie wa mwisho. Una leseni?"

Alikuwa nayo. Lori lilipoondoka na kiti juu yake, Mwalimu alivaa viatu vya kutokea, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Bonde lilikuwa la mtu mwingine na lilimsumbua mgongoni. Shemeji alitoa gari getini kwa hofu, akauliza waelekee wapi.

"Duka la dawa."

Mama wa duka la dawa alilisikia gari kabla hajaliona. Alitoka mlangoni, uso umemchangamka, akapunga mkono, akashuka ngazi akija barabarani.

"Nisimame?" shemeji aliuliza.

"Punguza tu mwendo," Mwalimu alisema. "Gari limejaa."