Karne Alipotaka Kuondoka na Ipyana

Usiku wa jana niliota niko kwenye darasa letu la jioni, na mwenyekiti wa mdahalo ni Karne iliyopita mwenyewe. Ni bibi mnene aliyevaa sweta ya kijani yenye vifungo mia. Kifungo cha mwisho kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Namwamkia shikamoo.

"Marahaba," anasema. "Ila tufanye haraka, basi langu limeshapiga honi."

Mada ni ileile aliyotupa Mwalimu Mwakalinga kwa ajili ya Alhamisi: nani alikuwa mtu mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika karne iliyopita. Wenzangu wote wana mtu wa kumtetea. Mimi sina, na Mwalimu alishasema asiye na mtu atakaa kusikiliza. Tangu nianze masomo sijawahi kusimama mbele nikaongea. Mgongoni nimembeba mwanangu Ipyana, ana jino moja tu, na analitumia kwenye bega langu.

Karne anatangaza kanuni. Hoja isiyo na uzito haitapokelewa, na mshindi atapanda naye basi, waondoke moja kwa moja.

Hapohapo darasa linakuwa kliniki ya watoto. Mizani inashuka kutoka darini na ile kaptula yake ya kuning'inizia watoto.

Wa kwanza ni Jenerali wa shaba. Ametoka kwenye sanamu yake sasa hivi, njiwa bado yuko begani. Anavalishwa kaptula, ananing'inia, miguu inapepea.

"Kadi ya kliniki iko wapi?" mizani inamuuliza.

Hana. Anasema yeye alibadilisha majina ya miji na barabara nchi nzima. Mizani inataka kujua kama watu waliyatumia. Jenerali anatazama buti zake, kisha anakiri kwamba hata mke wake, akimwelekeza mgeni nyumbani, alitaja barabara kwa jina la zamani. Mshale hausogei. Njiwa anaruka, na mshale unarudi nyuma ya sifuri.

Inafuata redio ya mbao. Inasema wakubwa wote kama Jenerali walijulikana kwa sababu yake. Karne anaikumbusha kwamba mada inasema mtu. Redio inaomba radhi kwa hitilafu za mitambo na kukaa.

Kisha Karne ananigeukia. "Na wewe binti, unaitwa nani?"

"Mama Ipyana."

"Na kabla ya hapo?"

Nafungua mdomo, jina halipo. Nalitafuta kwenye mkoba, chini ya nepi, halipo. Mtaani, kanisani, dukani, hata mume wangu, wote wananiita Mama Ipyana.

"Jenerali kashindwa na barabara," inasema mizani, "na huyu mtoto kabadilisha jina la mtu mzima, wala hajui kutambaa."

Watu wanapiga makofi. Karne anamtoa Ipyana mgongoni kwangu na kumpakata. "Mshindi kapatikana," anasema. "Nipe na nepi zake."

Sasa tuko stendi. Basi linanguruma, mguu mmoja wa Karne uko kwenye ngazi. Ipyana anacheka na kuvuta kifungo cha sweta.

Nanyoosha mkono kama tulivyofundishwa. "Mwenyekiti, napinga."

"Unampinga mwanao?"

"Nampinga. Hilo jina alilonivisha nilimpa mimi, tena baba yake alitaka jingine. Aliyeanza ni mimi."

"Basi panda wewe."

"Siwezi, bibi. Mimi nilipewa jina na mama, naye akapewa na mama yake."

Nikimtaja mama, anatokea nyuma yangu na ndoo ya maziwa. Nyuma yake bibi yangu. Nyuma ya bibi mama yake, na foleni inatoka stendi, inapita kwenye mashamba ya chai, inapanda mlima na kuingia kwenye ukungu. Kule mwisho mmoja anamnong'oneza wa mbele yake, naye wa mbele yake, hadi neno linamfikia mama. Mama ananiinamia sikioni.

"Tulinagwe," anasema. "Mbona umechelewa kuuliza?"

Karne anachuchumia aone mwisho wa foleni. "Wale wa kule si wangu," anasema. "Walinitangulia." Basi lina kiti kimoja cha mshindi. Anawaza, anawaza tena, kisha ananirudishia mtoto. Anasema mdahalo umeahirishwa hadi Alhamisi, nije na hoja hiyohiyo, na niwe msemaji wa kwanza.

Basi linaondoka. Jenerali analikimbiza, bado amevaa kaptula.

Nilipoamka kulikuwa kumeshapambazuka, na mume wangu alikuwa anakoroga uji.

"Tulinagwe," akasema, "mtoto ana kitu mdomoni." Kisha akasimama na mwiko hewani, akashangaa kilichomfanya aniite hivyo.

Nikapitisha kidole kwenye shavu la Ipyana. Kikatoka kifungo cha kijani, na uzi wake.

Hapa kwetu hakuna mwenye sweta ya kijani. Nimekiosha, nimekishona kwenye blauzi nitakayovaa Alhamisi.