Baka Lililokataa Kusema

Siku ya soko, Consolée alifunga meza yake ya dagaa mapema, akanawa mikono kwa ndimu, akapanda kwenda zahanati iliyo nyuma ya soko la Bwera. Begani, chini ya kitenge, alikuwa na baka lililopauka, pana kama kiganja cha mtoto. Mama mkwe wake, Geneviève, aliliona siku alipomkuta akioga. Tangu siku hiyo Consolée alikuwa akilala jikoni, na binti yake Benedicte, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akalala nyumba kubwa na bibi.

Chumba cha sista Phionah kilikuwa na kelele kama kawaida. Humo, ugonjwa wowote wa ngozi ukifunuliwa ulijitaja wenyewe. Watu wa kwenye benchi walishazoea, ila walinung'unika kwamba upele hauna adabu, unasema wote kwa mpigo kama watoto waliofunguliwa darasani. Mzee Tefiro alinyoosha kidole, na chunjua yake ikasema kwa sauti nzito kwamba yeye ni chunjua, hana haraka ya kuondoka, na mzee asithubutu tena kumkata kwa wembe. Choa cha shingoni mwa msichana mmoja kiliomba radhi, kikakiri kwamba kilikuja na taulo la kuazima.

Nesi mwingine angekaa kitako, aache magonjwa yajieleze. Phionah hakuwa wa hivyo. Alikagua kingo, akapapasa, akauliza nani mwingine nyumbani anajikuna, ndipo akatoa dawa. Chunusi moja iliwahi kumwambia kwa majivuno kwamba ni jipu, naye akaikemea mpaka ikanywea. Consolée alimpenda papo hapo.

Zamu yake ilipofika, akashusha kitenge. Wakasubiri. Baka halikusema neno. Hata upele wa kwenye benchi ukaacha porojo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mle ndani kila mtu aliusubiri huo mshindo.

Phionah akasokota kipande cha pamba kikawa ncha.

"Mama Benedicte, funga macho. Nikigusa, wewe onyesha kwa kidole."

Consolée akaonyesha shingo. Akaonyesha mkono. Kisha akangoja, akangoja.

"Sista, mbona umeacha?"

"Sijaacha. Niko nagusa saa hii."

Akafumbua macho. Ile pamba ilikuwa inatembea katikati ya baka.

"Ni ukoma," alisema Phionah, bila kunong'ona na bila kurudi nyuma. Akaweka kiganja chake kitupu juu ya baka, akakiacha hapo. Consolée hakukihisi kile kiganja, lakini alikiona, akalia.

"Sista, mutoto wangu batanirudishia?"

"Hii inapona, mama. Vidonge ni vya bure, vinatoka Kasese. Ukishaanza kumeza, muda kidogo tu huwezi tena kumpa mtu ugonjwa. Na wale wa nyumbani, waambie waje niwaangalie wote."

Consolée alimeza vidonge kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kwa nguvu za dawa mkojo ukawa mwekundu, ngozi ikaiva ikawa nyeusi zaidi, dagaa wakauzwa, naye akameza. Ni wachache wenye moyo wa namna ile.

Dawa zilipokwisha, jioni moja familia ikiwa uani ikipukuchua maharagwe, baka likakohoa.

"Munisamehe kuchelewa," lilisema, kwa Kiswahili cha Butembo ya Congo, kama Consolée mwenyewe. "Mimi niko ukoma. Dawa imenimaliza. Huyu mama hawezi kugonjesha mutu. Mumurudishie mutoto yake."

Hilaire, mume wa Consolée, aliweka ungo chini kwa heshima. Geneviève akalishukuru baka, akaliuliza kama halijachoka, akaagiza litengewe chai katika kikombe cha wageni. Akasema tangu azaliwe hajasikia baka lenye busara kama lile.

Consolée akanyoosha mikono kwa Benedicte.

"Bado kwanza," alisema Geneviève.

Phionah alikuja mwenyewe, akamkumbatia Consolée mbele ya ukoo mzima. Wakampigia sista makofi, wakamfungia kuku wa kwenda naye.

Siku hizi kila jioni wanasimama mlangoni mwa jiko, wanaliuliza baka habari za mvua na bei ya maharagwe. Linawajibu kwa subira, wala halikosei, na kila mara linamalizia na habari ya kumrudisha mtoto.

"Tumesikia, baba," Geneviève huliambia. "Ulale salama."

Kisha humpandisha Benedicte mgongoni, humgeuza kidogo ampungie mama yake mkono, na kuondoka naye.