Kioo cha Bi Afaf

Eda ya Ummulkheir ilipokwisha, shemeji zake walimpa nguo zake na mtungi mmoja wa shaba. Vyombo vingine vyote, walisema, vilikuwa vya marehemu ndugu yao. Hakugombana nao. Alihamia Kibokoni, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, akakuta mpangaji aliyetoka ameng'oa hata misumari ya kutundikia nguo.

Ilikuwa mwaka 1909. Kaka yake, Hamid, karani wa forodhani, alijitolea kumtafutia vyombo vilivyokwisha kutumika, kwa kuwa vipya visingewezekana. Siku ya kwanza alileta hodhi la bati ambalo Mzungu mmoja wa reli alikuwa akiogea. Siku ya pili alileta kiti cha ukindu kilichotoboka.

"Ahsante, kaka," alisema Ummulkheir. "Kesho nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa Badawi."

Hamid alitikisa kichwa. Wanawake wa kwao hawakuingia madukani. Vitu vililetwa nyumbani wakavitazama. Lakini siku hizo buibui lilikuwa limeanza kuvaliwa mjini, na mwanamke aliweza kupita mchana bila ya kujulikana ni nani.

Duka la Badawi lilikuwa nyuma ya Makadara, katika ghala la zamani la mchele. Aliuza vyombo vya waliokufa, vya waliosafiri na vya waliofilisika. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi wa makamo, hodari wa kusugua shaba kwa ndimu na majivu huku akizungumza na wateja. Ummulkheir alisimama mbele ya kitanda cha samadari kilichofunguliwa vipande, akakigusa mguu mmoja mmoja.

"Miguu miwili si ya kitanda hiki," alisema.

Badawi aliacha kusugua. "Nani kakwambia?"

"Hii imechongwa ua. Ile imechongwa tofaa. Na rangi ya ile imepakwa juzi."

Badawi aliitazama miguu ile kama anayeiona mara ya kwanza, kisha akapunguza bei. Walikubaliana. Ummulkheir alikuwa amekwisha kuanza kufungua fundo la rupia zake alipokiona kioo, kimeegemezwa ukutani nyuma ya rundo la majamvi.

Fremu yake ilikuwa ya msaji, imetiwa rangi nyekundu na dhahabu, na pembe ya chini kulia ilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta. Ufa ule aliujua. Mabiharusi wengi wa Kuze na Kibokoni walipambwa na Bi Afaf mbele ya kioo kile, naye alikuwa mmoja wao, miaka ishirini na miwili nyuma. Siku ile aliinamisha kichwa kama alivyoambiwa, akakaa muda mrefu akiutazama ufa.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kwa watu," alisema Badawi. "Mimi nauza vyombo, bi mkubwa. Majina siuzi."

Ummulkheir aliona hana haja ya kuambiwa. Bi Afaf alikuwa na mtoto wa kiume, Aidarus, asiye na kazi, aliyesemwa kuwa apenda karata. Kijana ameiba, alijiambia. Fedha alizokuwa nazo zilitosha kitu kimoja tu. Alikiacha kitanda akanunua kioo, akamwita hamali akifunike kwa jamvi na kumfuata hadi Kuze.

Bi Afaf aliwapokea ukumbini. Alipoona pembe ya fremu chini ya jamvi, alimwambia hamali angoje nje barazani, akafunga mlango.

"Nimekuletea kitu chako," alisema Ummulkheir. "Nakuomba usimwadhibu Aidarus. Ni ujana."

"Aidarus kafanya nini?"

Ummulkheir alilifunua jamvi.

"Nalimtuma mimi," alisema Bi Afaf. Hakupandisha sauti. "Akiulizwa na wanawake, mwanangu husema kioo kimepelekwa Bombei kutiwa zebaki. Na mimi husema hivyo hivyo. Sasa wewe umekipitisha Ndia Kuu mchana."

"Kilifunikwa."

"Mimi nimekijua kwa pembe tu. Wangapi wengine walipambwa mbele yake?"

Ummulkheir alitaka kusema kwamba alikuwa na nia njema, akaona maneno hayo hayatamsaidia mtu yeyote mle ndani.

"Kichukue, mamangu. Si lazima unirudishie chochote."

"Sipokei sadaka."

"Si sadaka."

"Basi ni nini?"

Hamali aliitwa, akakibeba kioo hadi Kibokoni, akadai ujira wa safari mbili. Kwa miezi miwili iliyofuata Ummulkheir alilala juu ya mkeka, mbele ya kioo kikubwa kilichoegemea ukuta mtupu. Hamid alipouliza, alijibu kwamba kilikuwa rahisi.

Wiki moja kabla ya Ramadhani, Bi Afaf alibisha hodi. Alikunywa kahawa, akaulizia afya ya kila mtu, akautazama ukuta wenye kioo na ukuta usio na kitu kwa namna moja. Kisha akatoa furushi la kitambaa chini ya buibui lake, akalifungua. Zilikuwa sahani sita za kaure.

"Aidarus akitajiwa bei yoyote huitikia," alisema. "Wewe ulimwambia nini Badawi? Nasikia alipunguza."

"Nilimwambia miguu ya kitanda haifanani."

"Basi kamwambie sahani hizi zinafanana."

Ummulkheir alikwenda siku ile ile. Alikataa bei ya kwanza na ya pili, akazifunga sahani kama anayeondoka, na Badawi akamwita mlangoni. Bi Afaf alizipokea rupia bila ya kushukuru, akaacha mbili juu ya mkeka.

Baada ya Idi alikuja mwanamke mwingine, kisha wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja na furushi lake. Badawi alitundika pazia dukani na kuweka kigoda cha Ummulkheir nyuma yake. Hamid alilalamika kwa muda, kisha akazoea.

Mwaka uliofuata Aidarus alipata kazi ya ukarani stesheni ya Voi, akawa anamletea mama yake fedha kila mwezi. Bi Afaf hakuwa na haja ya kuuza tena. Lakini aliendelea kuja Kibokoni kila Jumatatu asubuhi, akavua viatu, akaketi, na kabla kahawa haijamiminwa akauliza Badawi ameingiza nini wiki ile.