Uso Ambao Hakuletewa Nyumbani

Katika mtaa mzima hakuna aliyejua kusoma midomo ya watu kama Pumba. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alishinda kwenye mashine yake ya kusaga akiwa na vumbi la mahindi hadi kwenye kope, na ngurumo za mashine zilikuwa zimemla masikio nusu. Mteja akisimama mlangoni na kutamka "laini", Pumba alielewa bila kusikia hata herufi moja. Aliringia elimu hiyo kama mtu aliyevishwa joho.

Basi elimu hiyo hiyo ndiyo iliyomtia homa.

Mkewe alishona vifungo kwa fundi cherehani, duka lililotazamana na mashine. Mafua yalikuwa yamemkausha sauti, na nesi akamkataza kupaza koo. Akawa ananong'ona. Lakini nyumbani hakunong'ona. Aligonga sufuria kwa mwiko, kisha akanyoosha kidole: kula, oga, funga mlango. Ndoa ikawa makutano ya barabara, na mkewe ndiye trafiki.

Asubuhi moja Pumba akatupa jicho ng'ambo, akaona uso ambao hajawahi kuletewa nyumbani. Nyusi zilikuwa zimepanda karibu zifike kwenye kitambaa cha kichwa. Macho yamefunguka, midomo inajikunja na kujikunjua, shingo imerefuka kumfuata fundi. Kwenye mashine, uso wa namna hiyo ulikuwa wa mtu mwenye jambo zito moyoni, au aliyeibiwa gunia. Na gunia halikuwepo pale. Mbaya zaidi, fundi mwenyewe, mwanamume wa kuita watu walio mtaa wa pili, naye alikuwa ameinamisha kichwa, ananong'ona!

Pumba akasoma midomo.

"Panabana," alisema mkewe.

"Wapi?"

"Hapa kifuani."

"Taratibu basi. Nitalegeza."

Wivu ukamchemkia Pumba kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Akavuka barabara na vumbi lake lote, kifuani amebeba kelele ya kubomoa ukuta. Akaingia dukani. Mkewe akamgeukia, akaweka kidole mdomoni, na ile kelele ikanywea pale pale.

"Fundi," Pumba akajikuta ananong'ona, "unamnong'oneza nini mke wangu?"

"Hata sijui, shemeji," fundi akanong'ona pia, jasho likimtoka. "Nikimjibu tu, sauti inanikimbia. Hata wateja wameanza kunong'ona. Duka limekuwa kama wodi."

"Na hicho kifua kinachobana, ni cha nani?"

Fundi akainua koti jeusi. "Cha mwalimu mkuu. Likizo imemnenepesha."

Hapo Pumba akajiona kwenye kioo cha kujaribia nguo. Nyusi zake zilikuwa zimepanda, macho yamefunguka, midomo imechongoka, unga unadondoka kutoka kwenye kope. Sauti ilikuwa imekimbia, kwa hiyo uso ulikuwa umebeba kazi yote. Alikuwa amekuja kugombana, lakini kioo kilimwonyesha mtu anayemposa fundi.

Mkewe alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika.

"Sawa, cheka," alinong'ona Pumba, bado amenuna. "Lakini huyu unamnong'oneza kutwa. Mimi napigiwa sufuria. Kwa nini?"

Kicheko kikamwishia mkewe. "Nilikunong'oneza siku ya kwanza. Nilikuomba maji ya moto. Ukaniitikia 'eeh, sawa', ukageukia ukuta, ukalala. Wateja wako unawatazama midomo, mume wangu. Mimi ulinipa mgongo."

Pumba akapangusa unga machoni kwa kiganja, akasogea kwenye mwanga wa mlango. "Basi ninong'oneze sasa. Lolote. Nakutazama."

Mkewe akamsogelea. Nyusi zikapanda, macho yakafunguka, midomo ikaanza kazi, na safari hii yote ilikuwa ya Pumba peke yake. Hakupepesa.

"Mashine," alinong'ona mkewe, "umemwachia nani?"

Pumba akatimka. Alipofika kizingitini aligeuka kidogo tu, akamwona mkewe amekwisha kumrudia fundi, nyusi juu, midomo inacheza. Wivu ukamtekenya upya. Akavuka barabara kinyumenyume asije akakosa neno, na mwendesha baiskeli aliyemtukana kwa sauti kamili hakusikiwa kabisa.